Vipimo vya mteja haviandikwi mezani: jinsi ya kuunda vijenzi vya seva visivyobeba hali

Mteja mmoja alituandikia kwamba taarifa ya akaunti aliyoipakua ina jina lake juu, lakini miamala iliyo chini yake haitambui hata mmoja. Msimbo ule niliuandika mimi. Nilikaa siku mbili nikilitafuta kosa kwenye mashine yangu: naomba taarifa moja, naomba nyingine, mara hamsini, na kila mara inatoka sahihi. Majaribio yote yalikuwa yanapita. Siku ya tatu nikafungua logi za seva, nikayapanga maombi kwa milisekunde, ndipo nikaona kwamba wakati ule ule aliopakua yeye kulikuwa na mtu mwingine anayepakua ya kwake. Huyo wa pili alikuwa amepata karatasi ile ile: miamala yake mwenyewe chini ya jina la mtu asiyemjua. Yeye hakulalamika. Ukimya wake uliniuma kuliko lile lalamiko, kwa sababu ulinionyesha kwamba huenda jambo hili lilikuwa limeshatokea kwa wengine na hakuna aliyesema.

Ninaandika mwongozo huu ili mtu mwingine asiyapitie yale. Kijenzi kisichobeba hali ni kile kisichohifadhi ndani yake kitu chochote cha ombi la mtu. Mifano yangu ni ya Java kwa kuwa ndiyo lugha ninayoifanyia kazi, ila tatizo lipo popote seva inapohudumia watu wengi kwa wakati mmoja.

Msimbo wenyewe ulikuwa hivi, nikiufupisha:

```java
public class HudumaYaTaarifa {
    private final HazinaYaMiamala hazina;
    private Mteja mteja;
    private List<Muamala> miamala;

    public Taarifa andaa(Ombi ombi) {
        mteja = ombi.mteja();
        tafutaMiamala();
        return panga();
    }
}
```

Ukiusoma kwa jicho la mtu mmoja, hauna kosa. Mteja anawekwa, miamala yake inatafutwa, taarifa inapangwa. Zile fildi mbili, yaani vigeu `mteja` na `miamala` vinavyokaa kwenye objekti yenyewe, niliziweka juu ya klasi kwa sababu methodi za ndani zilikuwa saba, na nilichoka kupitisha mteja kutoka moja kwenda nyingine. Nilidhani ninasafisha.

Seva inavyohudumia

Jambo ambalo sikuwa nimelishika ni kwamba objekti ile ilikuwa moja tu kwa seva nzima. Kwa kawaida, ukisajili kijenzi katika Spring, fremuweki ya Java, bila kusema zaidi, inaunda kimoja na kumpa kila anayekihitaji. Servleti, zile klasi za Java zinazopokea maombi ya wavuti, nazo ziko hivyo: kontena, yaani seva inayoziendesha, inaunda objekti moja kwa kila servleti iliyotangazwa, kisha inaiita kutoka kwenye nyuzi nyingi. Uzi ni mfuatano mmoja wa utekelezaji, na seva hushika kundi la nyuzi zilizo tayari. Tomcat, mojawapo ya seva hizo za Java, usipoibadilishia mipangilio inaruhusu hadi nyuzi 200. Kila ombi linapoingia, uzi mmoja ulio huru unalichukua na kulipeleka mpaka mwisho. Kwa hiyo nyuzi 200 zinaweza kuwa ndani ya methodi `andaa` kwa pamoja, zote zikishika objekti ile ile, fildi zile zile.

Mimi hulifikiria hivi. Chukua karakana ya kushona yenye mafundi wengi na meza moja kubwa. Mkasi upo mezani, futi ipo mezani, kila fundi anavitumia. Lakini fundi akimpima mteja, vipimo anaviandika kwenye karatasi ya mteja yule, anaiweka mfukoni mwake. Akiviandika kwa chaki juu ya meza, fundi mwingine atakuja, atavifuta, ataandika vya mteja wake. Wa kwanza akirudi kukata kitambaa atasoma namba zilizopo, na hatajua kwamba si zile alizoandika. Nilichofanya mimi ni kuandika kwa chaki mezani.

Tufuate mpangilio wenyewe, maana bila kuuona hatua kwa hatua mtu haamini. Uzi A unahudumia mteja wa 41. Unaandika `mteja = 41`, unakwenda kwenye hifadhidata na kusubiri, kwa sababu miamala yake ni mingi. Uzi B unaingia na mteja wa 87, unaandika `mteja = 87` juu ya ile 41, unauliza hifadhidata, unajibiwa haraka, unaandika miamala ya 87. Kabla B haijaanza kupanga, jibu la A linafika na miamala ya 41 inaandikwa juu ya ile ya 87. Sasa nyuzi zote mbili zinaita `panga()`. Fildi zinasema mteja ni 87 na miamala ni ya 41. Wote wawili wanapata karatasi moja iliyochanganyika. Hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna mstari mwekundu kwenye logi, seva imejibu 200, ile namba ya HTTP ya mafanikio, mara mbili.

Kwenye mashine yangu nilikuwa mtu mmoja. Kosa la namna hii halijitokezi kwa mtu mmoja hata ukijaribu mwaka mzima.

Anza na fildi

Kazi ya kwanza ninayoifanya leo nikipewa seva yoyote ni kufungua kila kijenzi kinachotumiwa na maombi mengi, yaani kidhibiti, huduma, hazina, kichujio, na kusoma fildi zake tu. Sisomi methodi kwanza. Kwa kila fildi ninauliza: thamani hii ilijulikana kabla ombi la kwanza halijafika?

Ikiwa ilijulikana, kama vile anwani ya hifadhidata, kikomo cha muda wa kusubiri, au kijenzi kingine ambacho hiki kinakitegemea, basi ni zana au mpangilio. Inakaa, ila inapewa `final` na inawekwa kwenye konstrakta. Hiyo `final` ina kazi mbili. Inamzuia mwenzako asije akaiandika tena kesho. Pia, kwa kanuni za kumbukumbu za Java zilizorekebishwa kwenye Java 5 mwaka 2004, fildi ya `final` huonekana ikiwa kamili kwa nyuzi zote konstrakta inapomalizika, mradi tu konstrakta yenyewe haikuitoa `this` nje mapema. Fildi isiyo na `final` haina ahadi hiyo.

Ikiwa thamani inatoka kwenye ombi, kwa mfano mtumiaji, namba ya akaunti, lugha aliyoichagua, orodha inayojazwa njiani, bendera ya kusema "imeshathibitishwa", haikai hapo. Inaondoka leo. Sijawahi kukuta sababu ya kuiacha iliyostahimili maswali mawili.

Inakwenda wapi? Mfukoni mwa fundi. Vigeu vilivyotangazwa ndani ya methodi na parameta zake hukaa kwenye kumbukumbu ya uzi wenyewe, ambayo uzi mwingine hauigusi. Fildi za objekti na vigeu vya `static` hukaa kwenye kumbukumbu ya pamoja. Kwa hiyo huduma yangu ilipona hivi:

```java
public class HudumaYaTaarifa {
    private final HazinaYaMiamala hazina;

    public Taarifa andaa(Ombi ombi) {
        var mteja = ombi.mteja();
        var miamala = hazina.tafuta(mteja.namba());
        return panga(mteja, miamala);
    }
}
```

Klasi haibebi chochote cha mtu. Nyuzi 200 zikiingia kwa pamoja, kila moja inashika `mteja` wake na `miamala` yake. Hakuna kufuli ya kuuzuia uzi mmoja hadi mwingine umalize, kwa sababu hakuna cha kugombania. Hii ndiyo faida ninayoipenda kuliko zote: huhitaji kuwa hodari wa nyuzi ili kuandika msimbo wa aina hii, wala anayekuja baada yako hahitaji.

Angalia, ingawa, kwamba kigeu cha ndani kinalinda rejeleo tu, yaani kile kinachoonyesha objekti ilipo, si objekti yenyewe. Kama `hazina.tafuta` inakurudishia orodha ambayo yenyewe imeihifadhi mahali na itampa na mwingine, wewe ukaipanga upya au ukafuta kitu ndani yake, umegusa mali ya pamoja kupitia mlango wa nyuma. Ndiyo maana orodha zinazopita kati ya vijenzi napenda zisibadilike: `List.copyOf` inatosha.

Parameta zikizidi

Najua kilichonipeleka kwenye kosa: parameta tano, sita, zinazopita kwenye methodi saba. Uchovu ule ni wa kweli na haudharauliwi. Dawa yake ni kukusanya vitu vya ombi kwenye objekti moja ndogo isiyobadilika na kuipitisha hiyo. Rekodi za Java, zilizokamilishwa kwenye Java 16 mwaka 2021, zinafaa sana:

```java
public record Muktadha(Mteja mteja, Locale lugha, Instant wakati) {}
```

Inaundwa mara moja mlangoni, ombi linapoingia, na inakufa ombi linapojibiwa. Mimi huweka humo hata wakati wa ombi, ili taarifa nzima itumie wakati ule ule badala ya kila methodi kujiulizia wakati wake. Usiifanye gunia, lakini. Nikiona muktadha wenye vitu kumi na tano na kila methodi inatumia viwili, ninaugawa.

Njia nyingine ni kuacha huduma ya pamoja ibaki bila hali, na kuunda objekti mpya kwa kila kazi: `new MpangajiWaTaarifa(mteja, miamala).panga()`. Fildi zake ni za kazi ile moja, na zinakufa nayo. Kuunda objekti ndogo kwenye Java ni kazi nyepesi. Watu wengi wanaiogopa bila sababu, kisha wanailipia woga huo kwa kutunza vitu vya pamoja.

Zana zinazoficha chaki

Hapa ndipo hata watu makini huteleza, kwa sababu fildi ina `final`, inaonekana kama zana, na imewekwa kabla ombi la kwanza halijafika. Maswali yote inayajibu vizuri, lakini ndani yake ina meza ya kuandikia.

Mfano unaojulikana zaidi ni `SimpleDateFormat`. Ukiiambia ipange tarehe, inaiweka kwanza tarehe hiyo kwenye kalenda iliyo fildi yake, kisha inasoma kutoka humo. Nyuzi mbili zikiiita pamoja, moja inaweza kupata tarehe ya nyingine, au namba isiyoeleweka. Nimewahi kuikuta ikiwa `private static final` kwenye klasi ya vifaa vya pamoja, ikitumika na mfumo mzima. Badala yake tumia `DateTimeFormatter`, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Hiyo haibadiliki na nyuzi zote zinaweza kuitumia. `DecimalFormat` ina ugonjwa ule ule. `MessageDigest` pia, kwa kuwa inakusanya baiti ndani yake: iunde upya kila unapoihitaji. Kwenye misemo ya kutafutia maandishi, `Pattern` ni salama kushirikiwa lakini `Matcher` si salama. Muunganisho wa hifadhidata usiuweke kwenye fildi kamwe. Weka chanzo cha miunganisho, uchukue muunganisho ndani ya methodi, uurudishe.

Kabla sijaweka objekti ya maktaba yoyote kwenye fildi, ninasoma maelezo ya klasi yake. Waandishi wa Java mara nyingi huandika humo kama klasi inaweza kutumiwa na nyuzi nyingi. Wasipoandika, ninachukulia kwamba haiwezi.

Ule mfuko wa uzi

Mtu akishaelewa kwamba nyuzi ndizo tatizo, mara nyingi anakimbilia `ThreadLocal`: fildi ambayo kila uzi unaona thamani yake peke yake. Inaonekana kama jibu kamili. Fremuweki zenyewe huitumia, kwa mfano Spring Security humshikilia mtumiaji aliyeingia kwa njia hiyo, na kwa mambo ya miundombinu ina nafasi yake.

Ninachokiogopa ni hiki: nyuzi za seva hazifi ombi likiisha. Zinarudi kwenye kundi, na thamani uliyoiacha mfukoni mwa uzi inabaki humo. Ombi linalofuata, la mtu mwingine kabisa, likichukuliwa na uzi ule, linakuta mtumiaji wa jana. Ni kosa langu lile lile, ila sasa haihitaji hata watu wawili kwa wakati mmoja. Inatosha mmoja aje baada ya mwingine. Kwa hiyo ukiitumia, kila `set` iwe na `remove` ndani ya `finally`, mahali pamoja, mlangoni, si kwenye methodi za ndani. Na ukiikabidhi kazi kwa uzi mwingine, thamani haiendi nayo. Java 21 ya mwaka 2023 ilileta nyuzi pepe ambazo unaweza kuwa nazo mamilioni, na mzigo mzito kwenye kila mfuko unakuwa gharama ya kweli. Parameta haina shida hata moja kati ya hizi.

Kuna ujanja mwingine wa zamani ambao bado naukuta kwenye mifumo ya miaka mingi: `SingleThreadModel` ya servleti. Ulikusudiwa kuhakikisha servleti moja haiitwi na nyuzi mbili kwa pamoja. Haukulinda vigeu vya `static` wala sesheni, yaani kumbukumbu za mtumiaji kati ya ombi na ombi, kwa hiyo watu walijiona salama na hawakuwa. Toleo la 2.4 la servleti liliwaonya watu wasiutumie tena, na Jakarta Servlet 6.0 ikauondoa. Ukiukuta, usiutafutie mbadala wake. Toa hali iliyofanya mtu auhitaji.

Hali ambayo haiepukiki

Kuna vitu ambavyo kweli ni vya pamoja: kihesabu cha maombi, kache ya viwango (majibu yaliyohifadhiwa yasikokotolewe tena), orodha ya waliounganishwa. Hapo kufuli na zana zake zinaingia, na hapo ninaomba upole na umakini.

`idadi++` inaonekana tendo moja, lakini ni matatu: soma, ongeza, andika. Nyuzi mbili zikisoma 10 kwa pamoja, zote zitaandika 11 na ombi moja litapotea kwenye hesabu. Kuweka `volatile` hakusaidii hapa. Kunahakikisha tu kwamba kila uzi unaona thamani iliyoandikwa mwisho, hakufungi zile hatua tatu pamoja. Tumia `AtomicLong`, inayozifanya zote kama tendo moja, au `LongAdder` kama kihesabu kinaandikwa na nyuzi nyingi mno na kusomwa mara chache.

Kwa kache, `HashMap` ya kawaida, yaani ramani ya funguo na thamani zake, ni hatari zaidi ya kupoteza thamani. Kabla ya Java 8, nyuzi mbili zikiipanua kwa pamoja ziliweza kuunganisha vipande vyake vya ndani kuwa duara, na uzi uliokuja kusoma ukazunguka humo bila mwisho, prosesa ikafika asilimia 100. `ConcurrentHashMap` ipo tangu Java 5. Lakini kuibadilisha klasi peke yake hakutoshi. Huu hapa bado una kosa:

```java
if (!kache.containsKey(namba)) {
    kache.put(namba, kokotoa(namba));
}
return kache.get(namba);
```

Kila mstari ni salama, ila kati ya mstari na mstari uzi mwingine unapita. Nyuzi mbili zitakokotoa kitu kimoja, na kama kuna mahali panapofuta kache, mstari wa mwisho unaweza kurudisha `null`. Angalia-kisha-tenda lazima liwe tendo moja: `kache.computeIfAbsent(namba, this::kokotoa)`. Ipe kazi fupi, maana wakati inakokotoa, nyuzi nyingine zinazotaka kuandika kwenye sehemu ile ya ramani husubiri.

Ukilazimika kutumia `synchronized`, kufuli ya Java yenyewe, linda data moja kwa kufuli moja, kila mahali inapoguswa, kusoma na kuandika. Usiombe kitu mtandaoni ukiwa umeshika kufuli. Na ukihitaji kufuli mbili, nyuzi zote zizichukue kwa mpangilio mmoja, la sivyo mbili zitasubiriana milele.

Halafu kuna kosa ambalo kufuli haiwezi kuliponya hata ukiiandika vizuri. Siku seva inapokuwa mbili, `synchronized` ya seva ya kwanza haijui lolote kuhusu ya pili. Nimeona msimbo unaosoma salio, unalinganisha, unapunguza, unaandika, yote ndani ya kufuli nzuri kabisa, na pesa ikatoka mara mbili kwa sababu maombi mawili yalitua kwenye mashine mbili. Hali ya namna hiyo mlinzi wake ni hifadhidata:

```sql
UPDATE akaunti SET salio = salio - :kiasi
WHERE namba = :namba AND salio >= :kiasi
```

Kisha tazama ni safu ngapi zimebadilika. Moja, umefanikiwa. Sifuri, salio halitoshi au akaunti haipo, na hakuna kilichoguswa. Pale ambapo mabadiliko hayawezi kuandikwa kwa sentensi moja, weka safuwima ya toleo: soma toleo, na unapoandika dai kwamba toleo bado ni lile ulilosoma. Kama mwingine amekutangulia, safu sifuri zitabadilika, nawe utasoma upya na kujaribu tena.

Ni vijenzi visivyobeba hali vinavyokuruhusu kuongeza mashine ya pili hapo mwanzo. Kama ombi la kwanza la mtu limeacha kitu kwenye kumbukumbu ya seva moja, ombi lake la pili likienda kwenye nyingine halitakikuta. Sesheni ziweke kwenye hifadhi ya pamoja, nje ya seva.

Kwa wanaotumia lugha nyingine

Katika Django, kidhibiti cha klasi kinaundwa upya kwa kila ombi, na vidhibiti vya ASP.NET Core vivyo hivyo. Kuandika kwenye fildi zake hakuleti maafa yale. Lakini vigeu vya moduli, na huduma iliyosajiliwa kuwa moja kwa programu nzima, viko pale pale mezani. Kufuli kuu ya Python huwadanganya watu: inalinda mkalimani wa lugha, hailindi `x += 1` yako, na Python 3.13 ya mwaka 2024 ilileta toleo lisilo na kufuli hiyo, wakati huo likiwa la majaribio. Node, ile ya JavaScript, huendesha msimbo wako kwenye uzi mmoja, ila kila `await`, yaani mahali msimbo unaposubiri jibu, ni mlango ambao ombi jingine hupitia. Kigeu cha juu ya faili kilichoandikwa kabla ya `await` na kusomwa baada yake kina kosa langu lile lile. Go inakusaidia zaidi: ramani ikiandikwa na nyuzi mbili kwa pamoja, mara nyingi programu inagundua na kujizima, na ukiendesha majaribio kwa `-race` inakuonyesha mistari miwili inayogombania. Iwashe kila siku.

Jaribio linalolikamata

Majaribio yangu yalipita kwa sababu yaliita huduma mara moja, yakasubiri, yakaita tena. Jaribio linalofaa linaunda huduma moja, linakusanya nyuzi nyingi mlangoni, linazifungulia kwa pamoja, na linadai kila mmoja apate chake:

```java
int watu = 64;
var mlango = new CyclicBarrier(watu);
try (var kundi = Executors.newFixedThreadPool(watu)) {
    var majibu = new ArrayList<Future<Taarifa>>();
    for (int i = 0; i < watu; i++) {
        var ombi = ombiLaMteja(i);
        majibu.add(kundi.submit(() -> {
            mlango.await();
            return huduma.andaa(ombi);
        }));
    }
    for (int i = 0; i < watu; i++) {
        var taarifa = majibu.get(i).get();
        assertEquals(i, taarifa.nambaYaMteja());
        for (var m : taarifa.miamala()) {
            assertEquals(i, m.nambaYaMteja());
        }
    }
}
```

Kundi liwe na nyuzi sawasawa na idadi ya watu. Zikipungua, mlango hautafunguka na jaribio litakwama. Hazina ya bandia unayoipa huduma ilale milisekunde chache zisizolingana kabla ya kujibu, ili nyuzi zipishane jinsi hifadhidata ya kweli inavyozipisha. Na dai mambo yote mawili, jina na miamala. Ningedai jina tu, mteja wa 87 angeonekana amepata haki yake.

Jaribio hili likipita si uthibitisho kwamba msimbo ni salama. Linakamata yale yanayotokea mara kwa mara. Mpishano wa nadra unaweza kuliponyoka. Mashine ya mionzi ya tiba Therac-25 ilihusika na ajali zisizopungua 6 kati ya 1985 na 1987, wagonjwa wakipigwa mionzi kupita kiasi na baadhi yao kufa. Mojawapo ya visababishi ilikuwa programu ambayo kazi zake zilishirikiana vigeu: mwendeshaji mzoefu akihariri haraka vya kutosha, sehemu moja ya mashine ilibaki na maagizo ya zamani na nyingine ikachukua mapya. Watu waliokuwa wakijaribu polepole hawakuliona. Mimi husimulia kisa hicho kwa kila mwenzangu mpya, kwa sababu aliyepata karatasi ya mtu mwingine nilimwomba radhi. Kuna seva ambazo kosa lake halina wa kuombwa radhi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ianzie kwenye fildi, na jaribio lifuate. Ukirithi mfumo wenye mamia ya fildi chafu, usianze kwa herufi A. Anza na vijenzi vinavyogusa utambulisho na pesa. Ndani ya kila kijenzi anza na methodi ya chini kabisa, ile isiyoita nyingine: ipe parameta badala ya fildi, panda moja juu, mpaka fildi ibaki bila msomaji. Kisha ifute. Kila hatua ni ndogo na inaweza kupelekwa kwenye seva peke yake.

Huduma ya taarifa niliimaliza mchana mmoja. Fildi mbili zilifutwa, methodi saba zikapata parameta. Kabla ya kuzifuta nililiendesha lile jaribio la nyuzi 64 dhidi ya msimbo wa zamani, nikaliona likianguka kwenye jaribio la kwanza kabisa, namba zimechanganyika. Baada ya kuzifuta nililiendesha mara elfu. Sasa linaendeshwa kila msimbo unapojengwa, pamoja na sheria ndogo ya ArchUnit, maktaba ya kukagua muundo wa msimbo wa Java, inayokataa fildi yoyote isiyo `final` kwenye pakiti za huduma na vidhibiti.